MVUA YA MAORE INAANZIA BAHARINI

Wakulima wa Maore wanaijua vizuri hasara hii. Mwezi wa Oktoba unakaribia kwisha. Jua ni kali na vumbi ni jingi. Siku moja mawingu meusi yanafunika milima ya Pare Kusini, na usiku mvua inanyesha. Asubuhi ardhi imelowa. Kila mtu anashika jembe. Mbegu za mahindi zinatolewa ndani. Nyingine zimenunuliwa kwa fedha iliyopatikana kwa kuuza mbuzi. Baada ya siku chache mahindi yanaota, na shamba linapendeza.

Kisha mvua inakatika. Siku kumi zinapita bila tone. Siku ya kumi na tano miche imekauka. Mvua ya kweli inapofika mwezi wa Novemba, nyumbani hakuna mbegu tena.

Je, mvua ilimdanganya mkulima huyo? Hapana. Mvua haina ahadi na mtu. Mkulima aliona mvua ya siku moja, akadhani ni mwanzo wa vuli. Hakuwa na kipimo cha kumwonyesha ni maji kiasi gani yaliyoingia ardhini. Tena hakupata habari za mahali mvua inakotoka. Mtu mwenye mambo hayo mawili, kipimo na habari, hapati hasara kwa urahisi.

Mwezi huu tutajibu maswali matatu. Mvua yetu inatoka wapi? Wataalamu wanaitabiri kwa njia gani? Na sisi kijijini tufanye nini ili utabiri huo utufae?

MVUA INATOKA WAPI?

Kutoka Maore hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 100. Wako watu wa kwetu ambao hawajaiona bahari hata siku moja. Hata hivyo, chakula chao kinategemea bahari hiyo.

Tazama sufuria ya maji jikoni. Maji yakipata moto, mvuke unapanda. Mvuke ukigusa kifuniko ambacho si cha moto sana, unageuka kuwa matone. Ndivyo mvua inavyofanyika. Jua linapasha moto bahari. Mvuke unapanda hewani. Upepo unauchukua mvuke huo na kuuleta nchi kavu.

Pepo kubwa zinazotuletea mvuke ni mbili. Wavuvi na manahodha wa pwani wamezijua kwa karne nyingi, maana majahazi yao yalisafiri kwa nguvu yake. Upepo wa kaskazi huvuma tangu kama mwezi wa Desemba hadi Machi. Upepo wa kusi huvuma tangu kama mwezi wa Aprili hadi Septemba. Pale pepo hizi zinapokutana, hewa hupanda juu na mvua hunyesha. Mahali hapo pa kukutania hulifuata jua. Jua likienda kusini, napo huenda kusini. Jua likirudi kaskazini, napo hurudi. Kwa hiyo ukanda huo wa mvua hutupitia mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Mara ya pili ni masika, kati ya Machi na Mei.

Milima nayo ina kazi yake. Hewa yenye mvuke ikifika kwenye milima ya Usambara na ya Pare, inalazimika kupanda. Huko juu kuna baridi. Mvuke unageuka kuwa matone kama yale ya kwenye kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana msitu wa Shengena huwa na ukungu na unyevu, hali tambarare ya Same ni kavu. Mvua haigawanywi sawasawa. Mtu wa mlimani anaweza kulowa tangu asubuhi, na ndugu yake aliye bondeni asipate tone.

Mvua ya mlimani hushuka kwa mito. Mto Hingilili unawaletea maji watu wa Maore. Mto Yongoma unamwagilia mpunga wa Ndungu. Maji yanayobaki huteremka bonde la Mkomazi, huingia mto Pangani, na mwisho hurudi baharini. Safari inaanza tena.

BAHARI IKIBADILIKA, VULI HUBADILIKA

Sasa msomaji anaweza kuuliza, "Kama bahari ipo kila mwaka, mbona mvua si sawa kila mwaka?"

Jibu ni kwamba joto la bahari si sawa kila mwaka. Bahari ya Hindi ina pande mbili. Upande mmoja ni huu wetu wa Afrika. Upande wa pili ni ule wa Indonesia. Mwaka mwingine maji ya upande wetu huwa na joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia huwa na baridi. Hapo mvuke mwingi huja kwetu na vuli huwa kubwa. Ilikuwa hivyo mwaka 1997 na mwaka 2019. Mwaka mwingine mambo hugeuka. Joto huhamia upande wa Indonesia, na mvua nyingi hunyesha huko. Sisi hubaki tukitazama mawingu membamba.

Bahari ya Pasifiki, iliyo mbali zaidi, nayo ina mkono wake. Maji yake ya katikati na mashariki yakipata joto kuliko kawaida, hali hiyo huitwa El Niño. Mara nyingi huongeza vuli katika Afrika Mashariki. Ilitokea mwaka 1997, na tena mwaka 2023. Maji hayo yakipoa kuliko kawaida, hali hiyo huitwa La Niña. Mara nyingi hupunguza vuli yetu. Katika vuli ya mwaka 2021 mvua zilikuwa haba katika mikoa ya kaskazini mashariki, na wafugaji wa Simanjiro walipoteza mifugo mingi.

Hata kimbunga cha mbali hutugusa. Mwezi wa Machi mwaka 2019 kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji, kikaleta maafa pia Malawi na Zimbabwe. Kimbunga hicho kilivuta mvuke kuelekea kusini. Masika ya Afrika Mashariki ikachelewa. Mtu wa Maore aliyekuwa akitazama mlima tu hakuweza kujua sababu. Sababu ilikuwa baharini, mbali sana na mlima wake.

Methali inasema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Ni kweli. Lakini dalili ya mawingu ni bahari.

BAHARI NA HEWA HUPIMWAJE?

Kutabiri hali ya hewa si kupiga ramli. Ni kazi ya kupima, kuandika, kulinganisha na kukadiria.

Kazi hiyo nchini kwetu inafanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Zamani nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha idara yake kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka 1999 ikawa Wakala wa Hali ya Hewa, na mwaka 2019 ikafanywa kuwa Mamlaka.

Mamlaka ina vituo vya kupimia katika sehemu mbalimbali za nchi. Kimoja kipo mjini Same. Vingine vipo Unguja, Pemba, Mafia, Tanga na penginepo. Mpimaji husoma joto, unyevu, upepo, kani ya hewa na mvua. Vituo vya nchi zote hupima kwa saa zilizokubaliwa duniani kote. Saa 3 asubuhi ya Tanzania, mpimaji wa Same anasoma vyombo vyake. Dakika hizo hizo mpimaji wa India na wa Ufaransa nao wanasoma vya kwao. Vipimo hivyo hupelekwa haraka mahali pamoja, kwa maana hewa haijui mipaka ya nchi.

Bahari hupimwa kwa njia nyingi. Meli hupima joto la maji njiani. Yako maboya yanayoelea, yenye vyombo vinavyojipima vyenyewe na kutuma habari. Angani ziko setilaiti zinazotazama mawingu na joto la maji kwa kila saa. Katika bandari ya Zanzibar kipo chombo kinachopima kupanda na kushuka kwa bahari. Vipimo vya hapo vimewekwa tangu mwaka 1984. Nchi kavu ziko rada, kwa mfano za Dar es Salaam na Mwanza, ambazo huona mvua ikiwa bado njiani.

Habari zote hizo huingizwa katika kompyuta kubwa. Kompyuta hukokotoa jinsi hewa itakavyokwenda. Kisha mtaalamu huchunguza majibu, hulinganisha na miaka iliyopita, na huandika utabiri.

Utabiri wa kesho ni kama kumwona mgeni akija njiani. Unaweza kumkosea jina, lakini unajua anakuja. Utabiri wa msimu ni kama kusikia kwamba mgeni ameanza safari. Huna hakika atafika siku gani, lakini unaanza kuweka akiba ya chakula. Habari zote mbili zina faida. Ila usizitumie kwa namna moja.

KUTOKA MWAKA 1872 HADI 2024

Tuone faida ya kupima kwa mfano wa visiwani.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Hakukuwa na kituo cha kuwaonya watu. Majahazi na meli viliharibika bandarini. Nyumba zilibomoka. Mikarafuu mingi ya Unguja iling'oka, na mkarafuu huchukua miaka mingi kukua. Uchumi wa kisiwa uliumia kwa siku moja.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilitokea katika Bahari ya Hindi, kikaja kuelekea pwani yetu. Vimbunga vya namna hiyo havitufikii mara nyingi, kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Safari hii wataalamu walikiona kikiwa bado mbali. Walitangaza kwa siku kadhaa. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Kilipofika karibu na Mafia tarehe 4 Mei, watu wengi walikuwa wamekwisha pata habari. Hasara ilikuwapo, kwa maana upepo na mafuriko havizuiwi kwa kutangaza. Lakini watu walikuwa na nafasi ya kuokoa maisha yao na vyombo vyao.

Mvuvi wa Pemba akisikia redioni kwamba upepo utafika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yatafika mita 2, anajua la kufanya. Anavuta ngalawa yake juu. Je, mkulima wa Maore akisikia utabiri wa vuli, naye anajua la kufanya? Hapo ndipo penye kazi yetu.

TUELEWE MANENO YA UTABIRI

Kabla ya vuli na kabla ya masika, Mamlaka hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu. Yako maneno matatu ambayo watu huyasikia bila kuyaelewa vizuri.

La kwanza ni "wastani". Wataalamu hukusanya mvua ya msimu kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Hujumlisha na kugawanya. Jibu ndilo wastani wa mahali hapo. Mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho, huitwa mvua ya wastani. Ikipungua hapo, huitwa chini ya wastani. Ikizidi, huitwa juu ya wastani.

Tuchukue mfano wa mahali ambapo vuli ya kawaida ni milimita 200. Hapo "wastani" ni kati ya milimita 150 na 250. Sasa angalia. Mahindi ya kawaida huhitaji milimita 500 hadi 800, tangu kupanda hadi kukomaa. Kwa hiyo redio inaweza kusema "mvua itakuwa ya wastani", na mahindi yasiyomwagiliwa yakakauka vilevile. Utabiri haukukosea. Wastani wa mahali pakavu ni mvua kidogo. Neno "wastani" halina maana ya "kutosha".

Neno la pili ni eneo. Katika utabiri wa msimu, mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro huwekwa pamoja. Hilo ni eneo kubwa. Ndani yake umo mlima Kilimanjaro, zimo mbuga za Wamasai, tena umo mpunga wa Ndungu. Hata kituo cha Same kiko upande wa magharibi wa milima, na Maore iko upande wa mashariki. Mlima mzima uko katikati. Mvua iliyopimwa Same mjini siyo iliyonyesha shambani kwako.

Neno la tatu ni uwezekano. Mtaalamu akisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua chini ya wastani, hakusema ni lazima. Fikiri miaka 10 yenye bahari ya namna hiyo. Huenda miaka 6 ikawa kavu, na 4 ikawa mizuri. Mkulima mwenye busara hapuuzi habari hiyo, wala haweki mbegu zake zote upande mmoja. Sehemu ya shamba hupanda mahindi ya muda mfupi. Sehemu nyingine hupanda mtama, kunde au choroko.

Kwa hatari za siku chache zijazo, Mamlaka hutumia rangi. Njano ni angalizo. Rangi ya chungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa.

KIPIMO CHA MVUA CHA KIJIJI

Tumeona kwamba utabiri unatangazwa kwa eneo kubwa, na kwamba kituo kikubwa kiko ng'ambo ya mlima. Nani basi atapima mvua ya Maore? Ni watu wa Maore wenyewe. Kazi hiyo haihitaji msomi. Inahitaji mtu mwaminifu anayeweza kusoma namba na kuandika. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza.

Kipimo kizuri ni kile cha kitaalamu. Bwana shamba au bibi shamba anaweza kuwaelekeza wanakijiji namna ya kukiomba. Wakati mnasubiri, anzeni na kopo.

1. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka. Upana wa mdomo na upana wa kitako uwe sawa. Kopo lililopanuka juu litakudanganya.

2. Lifunge imara kwenye nguzo fupi. Mdomo wake uwe kama sentimita 30 kutoka ardhini, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie.

3. Liweke mahali pa wazi. Kama kuna mti wenye urefu wa mita 5, kaa mbali nao angalau mita 10. Mti na paa huzuia mvua. Lizungushie uzio ili mbuzi wasinywe maji yako.

4. Pima kila siku saa 3 asubuhi. Tumbukiza rula wima, usome milimita. Usingoje jioni, maana jua litayakausha maji.

5. Andika tarehe na namba katika daftari. Kisha mwaga maji, urudishe kopo mahali pake.

6. Siku isiyo na mvua, andika 0. Usiache nafasi tupu. Sifuri ina maana kwamba ulikwenda kutazama na hukukuta maji. Nafasi tupu ina maana kwamba hakuna aliyekwenda. Mambo hayo mawili ni tofauti kabisa. Mwaka ujao hutaweza kuyatenganisha.

7. Kama ulisafiri na hukupima, andika "sikupima". Usikisie. Namba ya kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Je, milimita moja ni maji kiasi gani? Ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Eka moja ina kama mita za mraba 4,000. Basi mvua ya milimita 10 ikinyesha katika eka moja, ni lita 40,000. Hizo ni pipa 200, kila pipa likiwa la lita 200. Ukiona maji hayo yakikimbia juu ya ardhi na kuishia korongoni, ujue ni pipa ngapi zimekuponyoka. Makinga maji na matuta ni kazi ya kuzirudisha shambani.

DAFTARI LINASEMA NINI?

Tuchukue mfano wa vijiji viwili. Kila kimoja kimepata milimita 200 katika vuli. Kijiji cha kwanza kilipata mvua katika siku 20 zilizopangana vizuri. Kijiji cha pili kilipata mvua kubwa siku 4 tu, kila siku milimita 50. Jumla ni moja. Lakini kijiji cha kwanza kimevuna, na cha pili kimepata makorongo. Kwa hiyo usitazame jumla tu. Hesabu pia siku za mvua, na hesabu siku kavu zilizofuatana.

Daftari likifikisha miaka mitano, utaanza kuona mambo. Utaona vuli huanza lini hasa kwenu. Utaona ni mara ngapi mvua ya kwanza ilikatika. Utaona ni nini kilichotokea Maore katika miaka ambayo redio ilisema "chini ya wastani". Hapo utabiri wa mkoa utaanza kuzungumza lugha ya kijiji chako.

Wazee wetu hawakuwa na kopo wala rula, lakini walikuwa watu wa kupima. Wapare walijenga ndiva ili kukinga maji ya usiku. Walipangiana zamu za kumwagilia, na kila mtu alijua zamu yake. Tena wazee hutazama kuchanua kwa miti, nyendo za ndege na wadudu, na upande unakotoka upepo. Tusiwacheke. Tuandike dalili zao katika daftari hilo hilo, kando ya namba za mvua. Baada ya miaka kadhaa daftari litatuonyesha ni dalili zipi za kutegemea.

KABLA YA KUPANDA, JIULIZE

Mvua ya kwanza ikinyesha, usikimbilie mbegu. Fungua daftari na ujiulize maswali haya.

Je, mvua ya siku hizi mbili au tatu imefika milimita 20? Kama ni milimita 6, imeondoa vumbi tu.

Je, unyevu umeingia ndani? Chimba kwa jembe. Kama udongo ni mkavu kabla ya kufika sentimita 15, ngoja.

Je, utabiri wa siku kumi zijazo unasema nini? Sikiliza redio, au muulize afisa ugani wa kata.

Je, msimu huu bahari ina hali gani? Kama umetangaziwa vuli haba, tumia mbegu za muda mfupi na uache akiba ya mbegu ndani. Kama umetangaziwa vuli kubwa, zibua mifereji mapema, na uweke chakula mahali pasipofikiwa na maji.

Swali hilo la mwisho si la shamba tu. Ni la uhai. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 mvua kubwa ilinyesha katika milima yetu ya Pare Kusini. Udongo wa mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, ukazifukia nyumba. Watu zaidi ya 20 walifariki. Udongo wa mteremko ukinywa maji siku nyingi unakuwa mzito, na mwishowe huteleza. Hapo daftari la mvua lina kazi nyingine. Mpimaji akiona mvua kubwa imefuatana siku tatu au nne, na redio inatangaza nyingine, asikae kimya. Amwambie mwenyekiti wa kijiji. Watu walio chini ya miteremko mikali, na walio kandokando ya mito, wahamie kwa ndugu zao kwa siku hizo. Ukiona ufa mpya ardhini, miti imeinama, au maji ya chemchemi yamegeuka kuwa tope ghafla, ondoka. Usingoje rula.

Vilevile mtu wa mlimani amkumbuke mtu wa bondeni. Mvua ikinyesha sana juu, Hingilili hujaa hata kama Maore jua linawaka. Simu moja kutoka mlimani inaweza kuwaokoa watoto wanaochunga mbuzi mtoni.

KAZI KWETU

Ndugu msomaji, bahari inapimwa na meli, maboya na setilaiti. Anga linapimwa na rada. Shamba lako halina mpimaji mwingine ila wewe. Kopo ni bure, na daftari ni bei ndogo. Kazi yenyewe ni ya dakika tano kila asubuhi. Shule inaweza kuifanya. Kikundi cha akina mama kinaweza kuifanya. Chama cha wamwagiliaji kinaweza kuifanya. Haba na haba hujaza kibaba, na milimita kwa milimita hujaza daftari.

Anzeni kabla ya vuli. Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukinga maji ya mvua katika shamba la mteremko.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mvua ya Maore inategemea joto la Bahari ya Hindi?
2. Redio ikisema mvua itakuwa "ya wastani", je, ina maana kwamba itatosha mahindi? Eleza.
3. Kuna tofauti gani kati ya kuandika 0 na kuacha nafasi tupu?
4. Mvua ya milimita 5 ikinyesha katika eka moja, ni lita ngapi?
5. Katika kijiji chenu nani atapima mvua, na nani atamsaidia akisafiri?
6. Ni nyumba zipi katika kijiji chenu zilizo hatarini mvua ikizidi? Watu wake watahamia wapi?